Sufuria Namba Nne

Nyumbani kwa mama yangu, Morogoro, kuna sufuria kubwa ambayo ikijaa pilau inashibisha watu hamsini. Ubavuni, chini kidogo ya ukingo, kuna herufi mbili zilizoandikwa kwa brashi na rangi nyeupe ya mafuta: KR. Pembeni yake, namba 4. Kila baada ya shughuli mama huisugua kwa mchanga na jivu, lakini akifika penye maandishi anaacha mchanga na kupitisha kitambaa taratibu. Sikuwahi kumuuliza sababu, mpaka mwaka jana.

KR ni Klabu ya Reli. Ukilitamka neno klabu leo, mtu anafikiria Simba na Yanga, au kilabu cha pombe ya kienyeji nyuma ya soko. Ninayoizungumzia mimi ilikuwa nyumba: ukumbi mmoja wa bati jekundu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi na kung'arishwa kwa nta, jukwaa dogo upande mmoja, kaunta upande wa pili, na baraza iliyozunguka pande tatu. Ilikuwa ya wafanyakazi wa reli na familia zao, na kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa wa reli, ilikuwa ya mji. Leo haina paa.

Mji wetu upo kwenye Reli ya Kati, magharibi ya Manyoni, njia ya kwenda Tabora. Ukitoka nje ya kota, nyumba za wafanyakazi wa reli, unaingia kwenye kichaka cha Itigi, miti mifupi iliyosongamana kiasi kwamba bila panga huwezi kupita hata hatua kumi. Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Injini ya mvuke inakunywa maji kama ng'ombe, kwa hiyo kila baada ya umbali fulani palihitajika tangi, watu wa kulihudumia, watu wa genge wa kukaza mataruma yanayobeba reli, na mtu wa kupokea simu ya stesheni ya pili. Pale palipowekwa tangi palizaliwa mji. Duka likaja, kisha msikiti, kisha kanisa la misheni, kisha shule.

Mji wa namna hiyo hauna wazee wa ukoo. Baba yangu alitoka Kasulu, mama Korogwe. Jirani wa kulia alikuwa Mhaya wa Bukoba, wa kushoto Mngoni wa Songea, na nyuma yetu alikaa mzee aliyeanza kazi enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akapangiwa Nakuru, akapangiwa Tororo, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akajikuta kwetu, anaongea Kiswahili chenye Kinandi ndani yake. Wenyeji wa eneo lile, Wagogo, Wakimbu na Wanyaturu, walikaa vijijini na kuja mjini siku za treni kuuza asali na kuku. Sisi wa kota hatukuwa na makaburi ya babu zetu pale. Hatukuwa na mjomba wa kukimbilia.

Ndiyo maana klabu ilikuwa kubwa kuliko ukumbi wake. Nataka nieleze kwa mfano wa mtu aliyehamishwa, maana hilo nililiona mara nyingi nikiwa mtoto katika miaka ya themanini. Barua ya uhamisho ikitoka, mfanyakazi anapewa behewa la mizigo. Anapakia vitanda, kabati, cherehani, magunia ya mkaa, na kuku kwenye tenga. Behewa linaunganishwa nyuma ya treni ya mizigo, na linaweza kukaa njiani siku tatu. Likifika kwetu, linaachwa kwenye njia ya pembeni, na kabla hata mlango haujafunguliwa watu wawili wa kamati ya klabu walikuwa wameshafika. Mmoja alibeba birika la chai. Wa pili alibeba daftari.

Daftari hilo ndilo lililomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Aliandikwa jina lake, kazi yake, idadi ya watoto, dini yake na kwao ni wapi. Dini na kwao havikuandikwa kwa umbeya. Viliandikwa ili akifa ijulikane azikwe vipi na barua au simu iende kwa nani. Baba alikuwa gadi wa treni ya mizigo, mtu wa kulala siku mbili nyumbani na tatu njiani, na siku zote alisema kwamba anaweza kulala usingizi kwenye behewa lake nyuma ya treni kwa sababu jina lake lipo kwenye daftari la klabu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na meza ya pingipongi yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha taruma, kulikuwa na drafti na bao barazani, na redio kubwa juu ya kabati iliyofungiwa kwa waya. Televisheni haikuwepo. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo redio ndiyo iliyotukusanya: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, matangazo ya vifo ambayo watu waliyasikiliza wakiwa wamesimama, na mpira. Ikicheza Reli ya Morogoro, hata wake za wafanyakazi waliacha jiko. Watu waliiita Kiboko ya Vigogo, na kwetu ilikuwa timu ya ndugu, maana kila mmoja alimjua mtu aliyemjua mchezaji.

Hapo nigusie jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini. Mwaka 1986 ubingwa wa Tanzania Bara haukwenda Msimbazi kwa Simba wala Jangwani kwa Yanga. Ulikwenda Tukuyu, mji mdogo wa mvua na ndizi chini ya Mlima Rungwe, kwa Tukuyu Stars. Enzi zile mpira ulikuwa na makao mengi. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi: jina lenyewe lilikuambia ni nani analipa nauli ya timu. Nyuma ya kila jina kulikuwa na shirika au chama cha ushirika, na karibu na kiwanja palikuwa na ukumbi. Mashirika yalipoyumba, kiwanja kikabaki na nyasi na ukumbi ukabaki na popo.

Lakini jambo zito la klabu yetu lilikuwa stoo. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba chenye mlango wa mbao nene, na ndani yake: sufuria sita kubwa zenye namba, sahani za bati mia moja na ishirini, majamvi kumi na manne, viti vya kukunja, taa mbili za karabai, turubai moja, na machela ya kubebea wagonjwa na maiti. Harusi, ubatizo, maulidi, kipaimara, tohara na msiba, vyote vilitoka kwenye chumba kile. Hukulipa. Ulisaini kwenye daftari la pili, daftari la mali, na ulirudisha vikiwa safi. Kwenye mji ambao hakuna mwenye shangazi wa kumwazima jungu, chumba kile kilikuwa shangazi wa wote.

Nikiandika hivi najua ninayemwacha nje. Watu wa genge, waliofanya kazi ngumu kuliko wote juani kwenye mataruma, walikuwa wanachama kwa makato ya mshahara lakini viti vya mbele hawakukalia. Wanawake walikuwa na jiko la klabu na hawakuwa na kura mpaka miaka ya mwisho. Mama alipika kwenye zile sufuria kwa miaka kumi na tisa kabla hajaitwa kwenye kikao hata kimoja. Wanavijiji walialikwa kucheza ngoma siku za sherehe za taifa, wakapewa soda, wakarudi kwao. Na ukirudi nyuma zaidi, kabla ya Uhuru, ubaguzi ulikuwa ndio kanuni: Wazungu na klabu yao, Wahindi na Wagoa na zao, Mwafrika na ukumbi wake mdogo kama upo. Ukumbi ule wa bati jekundu, wazee walituambia, Mwafrika aliuingia kwa mlango wa jikoni. Waliouchukua baada ya 1961 waliufungua, lakini hawakuufungua wote.

Watu wengi husema televisheni ndiyo iliyoua klabu, na simu zikamalizia. Siamini hivyo. Kwetu dishi la kwanza liliwekwa juu ya klabu yenyewe, kwa mchango wa wanachama, na Kombe la Dunia la 1998 tuliliangalia pale kwa umeme wa jenereta, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Ule ulikuwa mwaka mzuri wa mwisho. Kilichoiua klabu kilianza mbali na ukumbi, na kilianza mapema.

Kwanza injini za dizeli zilizichukua kazi za injini za mvuke. Dizeli haisimami kunywa maji. Tangi likakosa kazi, na watu wa tangi wakakosa kazi, taratibu, bila mtu kulia. Kisha abiria wakaanza kuhamia kwenye basi. Kisha ikaja miaka ya tisini, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu na kutafutiwa wawekezaji. Mwaka 2007 reli ikakodishwa kwa mwekezaji kutoka India, na mali zake nyingine zikawekwa chini ya kampuni tofauti ya serikali. Ukodishaji haukudumu, na baadaye serikali iliichukua tena. Mwishoni mwa 2009 mafuriko ya Kilosa yakaikata reli, na treni ya abiria ikasimama kwa miezi. Lakini kufikia hapo klabu yetu ilikuwa imeshakufa miaka sita nyuma.

Ilikufa kwa njia ya hesabu. Ada ya uanachama ilikatwa kwenye mshahara, huko huko unakotoka, kabla mtu hajaushika. Ilikuwa rahisi, na kwa miaka mingi hakuna mweka hazina aliyehitaji kumfuata mtu nyumbani. Wafanyakazi walipopunguzwa kutoka mia moja na kitu hadi kumi na wachache, makato yakafifia, na hakuna aliyekuwa na mazoea ya kutoa ada kwa mkono wake. Uhamisho nao ukakoma, kwa hiyo hakuna damu mpya. Kamati ikabaki na wazee wale wale. Vijana kama mimi tulikuwa tumeshaondoka kwenda kutafuta maisha Dar es Salaam, na waliobaki hawakuwahi kupewa ufunguo.

Na ukumbi haukuwa na mwenyewe. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Wanachama walinunua sahani, sufuria, dishi, wakapaka rangi kila Desemba kwa miaka arobaini, lakini kiwanja na kuta vilikuwa vya mwajiri. Hakuna karatasi iliyosema vinginevyo. Kota zilipogawanywa na kuhesabiwa, kila nyumba ilipata mtu wa kuidai. Klabu haikudaiwa na yeyote, kwa sababu ilikuwa ya wote. Mabati yalianza kung'oka upande wa magharibi, na aliyelichukua la kwanza alikuwa mtu tunayemfahamu, mwenye watoto, aliyepunguzwa kazini akisubiri mafao. Simlaumu. Ningemlaumu kama kungekuwa na mtu wa kumuuliza.

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilirudi. Dar es Salaam hadi Dodoma nilipanda treni ya umeme ya reli mpya, ile iliyoanza safari hizo mwaka 2024. Hayakutimia masaa manne tukawa tumefika. Zamani safari hiyo ilikuwa usiku mzima na mapambazuko, na mayai ya kuchemsha dirishani. Ninafurahi kuiona, nasema kweli, baba angelia. Dodoma nikashuka, nikapanda basi kwenda kwetu.

Mji haujafa. Una watu wengi kuliko tulivyokuwa sisi. Kuna maduka ya wakala wa pesa, kuna bodaboda, kuna shule ya sekondari. Jumamosi jioni nilimfuata mtoto wa rafiki yangu kwenda kuangalia mpira wa Ulaya. Ni kibanda umiza, mabati na magunia, mabenchi yamejipanga kama darasa, unalipa mlangoni. Vijana walikuwa na mikeka yao ya kubeti kwenye simu, macho yakipanda kwenye skrini na kushuka mkononi. Dakika tisini. Mpira ulipoisha walitoka wote ndani ya dakika mbili, kila mtu na njia yake, na mwenye kibanda akafunga. Nilimuuliza yule kijana aliyekaa karibu yangu anaitwa nani. Hakuna aliyekuwa anamfahamu. Ni fundi wa ujenzi, ana miezi mitano pale. Nikawaza: miezi mitano, na hakuna aliyemletea birika.

Nilichokikuta hai kipo kwa akina mama. Chini ya mwarobaini, karibu na yalipokuwa maghala, kikundi cha vikoba hukutana kila Jumatano. Wanawake ishirini na wanane. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu zipo kwa watu watatu tofauti, halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Wana mfuko wa hisa na mfuko wa jamii, na mfuko wa jamii ndio unaotoka kwenye msiba na ugonjwa. Mwenyekiti wao ni binti wa mtu wa genge. Aliniambia, "Kaka, sisi hatuna ukumbi. Mvua ikinyesha tunaahirisha." Nikamuuliza kama wamewahi kufikiria kuomba magofu ya klabu. Akasema waliandika barua mara mbili, ofisi mbili tofauti, na kila ofisi ikawaelekeza kwenye ile nyingine.

Sisi tulioondoka tuna kundi letu la WhatsApp, watoto wa kota. Tuko zaidi ya mia. Mtu akifiwa, michango inaingia mpaka unashangaa, na mweka hazina anatuma orodha ya majina na kiasi. Ni jambo jema na nimesaidiwa nalo mimi mwenyewe. Lakini mchango wa simu haumwoshi maiti. Haubebi machela. Mwaka juzi mzee mmoja wa kota alifariki kule kule, na fedha zetu zilifika saa moja baada ya tangazo, wakati nyumbani kwa marehemu watu walikuwa wanazunguka mtaa mzima kutafuta sufuria.

Siku ya mwisho nilimtembelea Katibu. Bado anaitwa hivyo, Mzee Katibu, ingawa klabu haipo. Anakaa kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga karibu na makutano ya reli na barabara. Ana miaka themanini na mitatu, macho yamepungua, sauti bado ni ya kwenye vikao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikamtajia baba. Akanyamaza kidogo, akamwambia mjukuu wake aende akalete vitabu.

Yalikuwa madaftari mawili, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha kwenye kitambaa. La wanachama lilikuwa nene, wino umegeuka rangi ya chai. Nikaona jina la baba kwa mwandiko wake mwenyewe, 1979, gadi, Kasulu, Mwislamu, watoto wawili, kisha wawili imekatwa na kuandikwa watatu, kisha wanne. La mali lilikuwa na safu tano: tarehe, mwazimaji, kifaa, shughuli, kurudishwa. Nilifunua kurasa kwa kurasa. Harusi, msiba, maulidi, harusi, msiba. Kwenye safu ya mwisho kila mstari ulikuwa na saini.

Isipokuwa mstari wa mwisho kabisa. Juni 2003. Mwazimaji: mama yangu. Sufuria namba 4, majamvi mawili. Shughuli: msiba. Safu ya kurudishwa ilikuwa tupu.

Ulikuwa msiba wa baba.

Nilitoka nje nikampigia mama. Hakushangaa. "Nilipeleka," alisema. "Tulipomaliza arobaini nilivisugua vyote, nikabeba mwenyewe na mdogo wako. Tukakuta kufuli. Nilikaa pale barazani mpaka magharibi. Wakaniambia Katibu yupo Dar es Salaam anafuatilia mafao yake, na hakuna mwingine mwenye ufunguo. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mwezi uliofuata tukahama. Ningeiacha kwa nani?"

Nikarudi ndani. Mzee Katibu alikuwa ameshika kalamu, nadhani aliisikia nusu ya mazungumzo.

"Namba nne ipo?"

"Ipo mzee. Ipo Morogoro, kwa mama. Inapika mpaka leo."

Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika polepole kwenye ile safu tupu: Ipo Morogoro. Kisha akaniangalia.

"Na majamvi mawili?"

Nikamwambia yaliliwa na panya. Akaandika na hilo, akaweka tarehe na saini, akalifunga daftari kwenye kitambaa chake.